Mahali Mtakapoisikia Tarumbeta

Somo la juma: Nehemia 2:1–18, sura ya 3, na 4:1–20

Wapendwa katika Bwana,

Wayahudi walipoanza kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu, Sanbalati, adui yao, aliwadhihaki mbele ya jeshi la Samaria, akauliza kama kweli wataweza kuyafufua mawe yaliyoteketea kwa moto na kuyatoa katika marundo ya kifusi. Sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, swali hilo hatuhitaji kufasiriwa. Tangu tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipoteremsha moto wake hadi katikati ya mji, tumekuwa tukijenga juu ya mawe yaliyoungua na kwa mawe yaliyoungua. Ukuta wa kiwanja changu mwenyewe ni mawe meusi yaliyopasuliwa kwa nyundo na kuletwa kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na kila nisomapo sura hii ya nne vidole vyangu hukumbuka jinsi vilivyochubuka.

Nilipouanza ukuta ule niliwaambia watu wa nyumbani kwamba wiki tatu zitatosha. Zilikwisha wiki tisa. Jambo linaloniaibisha hadi leo si wiki sita zilizozidi, bali ni jirani yangu, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amejenga ukuta wa urefu uleule kwa muda wa miezi miwili, nami nilikuwa nikimsalimu kila asubuhi bila kumwuliza hata siku moja kazi yake ilimchukua muda gani.

Kosa hilo wataalamu wa saikolojia wanalifahamu vizuri. Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza mwaka 1979, na mwaka 1994 watafiti watatu nchini Kanada waliwaomba wanafunzi waliokuwa wakiandika kazi yao ya kumaliza masomo wakadirie watamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani walisema siku 34 hivi; kwa wastani walitumia zaidi ya 55. Hawakuwa wavivu wala waongo. Mtu anapokadiria, huitazama kazi iliyo mbele yake kama hadithi moja inayotiririka hadi mwisho, jiwe juu ya jiwe, bila mvua, bila fundi kufiwa, bila bei ya saruji kupanda, wala hakumbuki kwamba kazi yake iliyopita nayo ilichelewa. Bwana wetu alipotoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, alisema kwamba mtu huyo kwanza huketi, akahesabu gharama. Mimi nilihesabu nikiwa nimesimama.

Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, aliketi. Habari za Yerusalemu zilimfikia katika mwezi wa Kisleu, na alizungumza na mfalme katika mwezi wa Nisani, yaani miezi minne hivi baadaye. Mfalme alipomwuliza anataka nini, aliomba kimoyomoyo kwa Mungu wa mbinguni, kisha akajibu. Tunapenda sana kuihubiri sala ile fupi, nami sina neno juu yake. Lakini tazameni jibu lililoifuata. Alitaja muda atakaokuwa safarini, akaomba nyaraka kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, akaomba barua kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, apewe miti ya malango, ya ukuta na ya nyumba atakayokaa. Hakuna mtu anayejibu hivyo papo hapo. Naamini miezi ile minne ya kufunga na kulia ilikuwa pia miezi ya kuhesabu miti.

Nayasema haya kwa sababu ya kikapu chetu. Mnakumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka kila mmoja wetu aliandika kusudi lake kwenye karatasi, tukayaweka makaratasi yote katika kikapu kimoja, tukayaombea kwa machozi. Majuma machache yaliyopita niliichukua karatasi yangu na kuisoma tena: «Kumtembelea mama mzee wa Ndosho mara kwa mara.» Katika miezi sita nilikuwa nimefika kwake mara moja tu, na hiyo moja ni kwa sababu kulikuwa na matanga kwa jirani yake.

Nimejiuliza kilichotokea siku ile ya kikapu. Nadhani nilitoka kanisani nikiwa na furaha ya mtu ambaye amekwisha kumtembelea mama mzee. Gabriele Oettingen, mtaalamu wa saikolojia kutoka Ujerumani, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika utafiti uliotolewa mwaka 1991, yeye na mwenzake waliwafuatilia wanawake waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito. Waliotarajia kwa dhati kwamba watafaulu walipungua zaidi, lakini waliozoea kujiwazia wakiwa wamekwisha kuwa wembamba na kusifiwa, walipungua kidogo kuliko wenzao. Matarajio na ndoto, ambavyo katika mahubiri yetu tunavichanganya kila siku, vilivuta pande mbili tofauti. Ndoto humlipa mtu ujira kabla ya kazi, na moyo uliokwisha kulipwa hauamki mapema. Ninawaogopea wale wanaofundishwa kufumba macho na kuiona nyumba yao ya ghorofa mpaka wamwone mlinzi langoni. Nehemia, siku tatu baada ya kufika, alitoka usiku na watu wachache, bila kumwambia mtu yeyote lile ambalo Mungu alilitia moyoni mwake, akapita akiyatazama malango yaliyoteketea, hadi mahali ambapo mnyama aliyempanda hakuweza kupita. Yeye alitoka akavitazama vizuizi.

Baada ya kuvitazama, alifanya jambo ambalo sisi hulipita haraka, kwa sababu sura ya tatu ni majina matupu na msomaji wa Jumapili huyaogopa. Isomeni polepole. Huyu alijenga lango fulani, yule akajenga kutoka pembe hii hadi mlango ule, wengine kila mtu mbele ya nyumba yake mwenyewe, na Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Hakuna aliyeambiwa «kujenga zaidi». Kila mmoja alijua ni jiwe gani na mahali gani. Na maadui walipotishia kushambulia, aliwapa watu agizo ambalo mtaalamu wa leo angelinakili kama lilivyo: mahali mtakapoisikia sauti ya tarumbeta, kusanyikeni kwetu huko, Mungu wetu atatupigania.

Peter Gollwitzer, Mjerumani mwingine, ndiye aliyeonyesha nguvu ya agizo la namna hiyo. Mwaka 1997 yeye na Veronika Brandstätter walieleza jinsi walivyowaomba wanafunzi waandike, ndani ya siku mbili, ripoti ya jinsi walivyouadhimisha mkesha wa Krismasi, siku ambazo kila mtu yuko nyumbani na hakuna anayekumbuka kalamu. Wote walikubali. Nusu yao waliombwa jambo moja zaidi, kutaja mapema saa na mahali watakapokaa kuandika. Miongoni mwa hao, robo tatu hivi walitimiza. Miongoni mwa wengine, theluthi moja tu. Hawakutofautiana kwa kupenda. Walitofautiana kwa sababu wale wa kwanza walikuwa wameifunga nia yao kwenye kitu ambacho kingewajia chenyewe, saa fulani au kiti fulani, hata hawakulazimika tena kubishana na nafsi zao. Mtu aliyekwisha kuambiwa la kufanya tarumbeta itakapolia hahitaji kufikiri inapolia, miguu humtangulia.

Najua kuna ndugu atakayenikumbusha Yakobo 4, kwamba hatujui yatakayotukia kesho, na kwamba imetupasa kusema «Bwana akipenda». Anasema kweli, na katika mji huu nani wa kubishana naye? Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano kulipuka tena, tuliamriwa kuhama mapema asubuhi, na wengi wetu tulitembea hadi mji wa Sake na magodoro vichwani, mipango yetu yote ikibaki nyuma kwenye makufuli. Lakini Yakobo hakusema tusipange. Alisema Bwana akipenda tutakuwa hai na kufanya hivi au vile, na «hivi au vile» ni kazi yenye jina. Tena mpango unaoanza kwa «ikiwa» ni mpango wa mtu anayejua kwamba kesho si yake. Mimi nilikuwa nikilitumia lile neno «Mungu akipenda» kama pazia. Mama mzee akiulizia, namjibu kwamba nitafika Mungu akipenda, kana kwamba ni Mungu aliyekuwa akikataa.

Basi niligeuza karatasi yangu nikaandika upande wa pili: Jumapili, nikitoka ibada ya kwanza na kufika langoni, kabla ya kuvuka barabara kuelekea nyumbani, nitamwita motari, mwenye pikipiki ya abiria, anipeleke Ndosho. Ikiwa mvua inanyesha, nitangoja barazani pa kanisa mpaka ikatike, kisha nitakwenda.

Jumapili ya kwanza nilikwenda. Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilingoja barazani, nikachelewa, nikafika viatu vikiwa vimejaa tope jeusi. Nilimkuta ameketi mlangoni akichambua maharagwe katika sinia, na pembeni yake kiti cha pili kikiwa kimekwisha kufutwa. Nilimwuliza alijuaje kwamba ningefika katika mvua ile.

«Nikiona watoto wa kwaya wanapita kurudi nyumbani, ninatoa kiti,» alisema, kisha akanisogezea sinia ili nichambue upande wangu.