Wiki Nne Bila Besi

Katuba, Lubumbashi. Jumapili usiku.

Nimerudi kutoka kanisani, ncha za vidole bado zinaniuma, na sitaki kulala kabla sijaandika haya. Kwa wiki nne nimebeba uchungu mmoja: nilikuwa napiga gita la besi kwenye kwaya yetu na halisikiki.

Anayezijua kwaya za huku kwetu anajua besi ni nini. Mpiga solo anaweza kuteleza na wimbo ukaenda tu. Besi ikipotea, watu wanacheza huku miguu inatafuta pa kukanyaga. Wazee wa Katanga waliopiga gita kavu, mtu peke yake na kiti chake, walilijua jambo hili: kidole cha shahada kiliimba, dole gumba likashika besi, na dole gumba halikupumzika hata kidogo. Nimekulia kwenye muziki huo. Ndiyo maana mama mmoja wa sauti ya pili aliponishika mkono baada ya ibada na kuniuliza kwa upole, "Mwanangu, leo ulikuja? Sikukusikia," nilifika nyumbani bukari, ugali wetu, ikanishinda.

Ampli yangu, mashine ya kukuza sauti ya gita, ni ile ya sanduku moja, yenye spika moja ya inchi 12 ndani, na mbele imeandikwa wati 100. Nilifanya wanachofanya wengi: nikazungusha batani ya besi mpaka ikagota. Mazoezini Alhamisi moja niliondoa kitambaa cha mbele nikachuchumaa kuitazama. Ile karatasi nyeusi ya spika ilikuwa inatoka na kurudi, inatoka na kurudi, kama kifua cha mtu aliyepanda kilima mbio, na kila nikigusa waya wa chini wa gita inakohoa. Batri, yaani ngoma, ilipoingia, nikabaki na mtetemo wa sakafu tu. Kazi yote ile, na nota siioni. Iliniuma kuliko lile swali la mama.

Jumatano nikaipeleka kwa fundi, komini ya Kenya (mtaa wa hapa mjini, si ile nchi). Ni mzee, ametengeneza redio tangu kabla sijazaliwa, nami namheshimu kama baba. Aliifungua, akapuliza vumbi jekundu, akapima hapa na pale, akaifunga.

"Papa, ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Njoo usome hapa."

Nyuma, karibu na tundu la spika ya nje, kuna maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyajali: wati 100 kwa omu 4. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Spika yangu ni ya omu 8. "Hizo 100 hujawahi kuzipata, mwanangu. Hapa unakula 60 hivi." Halafu akaniuliza umeme wa kanisani ukoje jioni, akaniazima mita yake. Jana Jumamosi saa kumi na mbili jioni niliichomeka kwenye soketi ya nyuma ya mimbari: volti 168, mahali pa 220. Ampli ya zamani kama yangu haina namna ya kujifidia, na nguvu yake hushuka kuliko volti zenyewe zinavyoshuka. Nilipiga hesabu aliyonifundisha nikapata wati 35. Wiki zote hizo kichwani mwangu nilikuwa na mia moja.

Lakini Jumatano ile papa fundi hakutaka niishie kwenye wati tu, na hili ndilo lililonigeuza kabisa. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba ninakusanya dola ninunue ampli ya wati 200. Akatikisa kichwa. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo mtu aliyekaa benchi la nyuma ataisikia kwa shida. Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu, unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Nani ana fedha hizo? Na ile batani niliyoigotesha, akasema, ukiipandisha desibeli 12 unaidai ampli nguvu mara kumi na sita kwa zile sauti za chini. Ampli haina. Spika ndogo nayo haiwezi kusukuma hewa hiyo yote. Nilikuwa naimaliza kwa sauti ambayo hata haifiki.

Waya wa mi, ule mnene wa chini kabisa kwenye gita la besi, hutetema mara 41 kwa sekunde. Wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8, na sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini namna hiyo. Kumbe tunaitambua nota hiyo kwa watoto wake, yaani sauti za juu zaidi zinazozaliwa nayo, zinazotetema mara 82, 123, 164 na kwenda juu, na wale wa juu zaidi wanakaa kwenye batani ya sauti za kati. Batani ambayo mimi nilikuwa nimeishusha, kwa sababu nikipiga peke yangu chumbani besi ilikuwa inasikika tamu zaidi bila hiyo. Chumbani hakuna batri wala mi-solo, lile gita la kati ya solo na ritimu.

Basi jana nikaanza upya. Besi nikairudisha katikati, batani ya sauti za kati nikaipandisha kidogo. Ampli iliyokuwa sakafuni ikiimbia visigino vyangu nikaipandisha juu ya kreti mbili za soda. Rafiki yangu wa Kamalondo aliniazima bafle lake, sanduku la spika mbili za inchi 10, omu 8; likiunganishwa na yangu zinakuwa omu 4, ampli inatoa nguvu yake yote, na hewa inasukumwa na spika tatu badala ya moja. Nilitaka kuunga kwa kebo ya gita. Namshukuru papa fundi, alikuwa amenionya: kebo ya gita ni nyembamba, kazi yake ni kubeba ishara ndogo tu, huwezi kuipitishia nguvu ya spika. Alinikatia waya mnene akauchomelea vichwa mwenyewe.

Likabaki jambo la kinanda. Mpiga kinanda wetu ni mkubwa kwangu, na mkono wake wa kushoto unapenda kutembea huku chini, nota kwa nota, mahali palepale pangu. Nilikaa na neno hilo mdomoni muda wote wa sala ya kufungua mazoezi. Mwishowe nikamsogelea.

"Yaya," nikamwita kama kaka mkubwa, "nakuomba. Kwenye sebene, pale magita yanapochemka na watu kucheza, mkono wa kushoto uupumzishe, unipe nafasi ya chini."

Alinitazama. Akasema, "Mbona hukusema siku zote?" Tulirudia wimbo, mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya goti, na nikaisikia besi yangu ikitoka kama mtu anayetoka kwenye msongamano wa soko. Nilisimama mita nne mbele ya spika, sikuzibana tena kwa mgongo, na kila nota ilikuwa na mwanzo na mwisho wake.

Leo asubuhi umeme ulikuwa afadhali, volti 205. Sikupandisha sauti kupita jana. Wimbo wa pili ulipoingia, safu ya sauti ya pili ilianza kuyumba kushoto na kulia kwa pamoja, na yule mama alifumba macho. Nje, watu wakisalimiana, alinipita ameshikwa mkono na mjukuu wake, akanigonga begani mara mbili kwa kitabu chake cha nyimbo.

Bafle linarudi Kamalondo Jumanne. Kesho nitampitia seremala na vipimo nilivyovichukua leo baada ya ibada, nimwombe anikatie mbao za plaiwudi za milimita 18. Zile dola za ampli zitanunua spika mbili.