Skrini Ipo, MVS Haiioni

Februari 2010 Unguja ilikuwa gizani. Umeme wa kutoka Bara ulikuwa umekatika tangu Desemba. Pale Michenzani jenereta iliwashwa baada ya sala ya Magharibi, na lita mbili za petroli ndizo zilizotupimia kazi. Kompyuta moja iliendesha Hercules, programu inayoigiza meinfremu ya IBM. Ndani yake VM/370, mfumo wa IBM unaogawa kompyuta moja kuwa mashine pepe nyingi, na ndani ya VM mashine pepe tuliyoiita MVS, kwa jina la mfumo wa IBM uliokuwa ukiendeshwa humo. Kompyuta nyingine tatu ziliingia kwa x3270, programu inayoigiza skrini ya IBM 3270, kupitia poti namba 3270. Telneti ya kawaida haifai: Hercules huiona kama 3215, terminali ya mtindo wa taipureta, si skrini.

Nembo ya VM ikatokea. Hapo huandiki LOGON, ya kuingia VM yenyewe, unaandika DIAL MVS, ili skrini yako iunganishwe na mashine pepe ya MVS. Jibu: LINE(S) NOT AVAILABLE ON MVS. Haki yake, mashine ile haikuwa na skrini pepe hata moja. Kwenye konsoli ya MVS nikaandika #CP DEFINE GRAF 0B0 3270, amri kwa VM ya kuiundia MVS skrini pepe yenye anwani 0B0. DIAL ikakubali, skrini ikabaki nyeusi tii.

Dakika arobaini zikateketea tukikagua nyaya, masikini nyaya hazina kosa. VM haijali umeipa skrini anwani gani. MVS ndiyo inayojali. Anwani sharti iwemo kwenye orodha ya vifaa MVS ilipojengwa, na iwemo tena kwenye VTAM, sehemu ya MVS inayosimamia terminali, katika mstari wa LOCAL wenye CUADDR, yaani anwani ya kifaa. Zetu zilianzia 0C0. VM ilisema tumeunganishwa kwa kuwa kwake njia ipo, ila upande wa pili hakuna anayesikiliza.

Nikaiondoa kwa DETACH 0B0, kisha DEFINE ya 0C0 na 0C1. MVS ilikuwa imeshaamka bila vifaa hivyo, basi ikabidi VARY 0C0,ONLINE, halafu V NET,ACT,ID= pamoja na jina la terminali, na vivyo hivyo kwa 0C1.

"Yakhe, imekuja!"

Wa tatu akapewa LINE(S) BUSY: skrini mbili, watu watatu. Nikaongeza 0C2.

Saa tatu usiku petroli ikaisha. Kesho yake skrini zote tatu hazipo, maana DEFINE haivuki LOGOFF, seuze jenereta kuzimika. Tukaingia MAINT, akaunti ya msimamizi wa VM, tukaandika SPECIAL 0C0 3270 na wenzake wawili chini ya MVS katika faili la USER DIRECT, lenye maelezo ya kila mashine pepe, tukaendesha DIRECT ili VM iyapokee. Kuipiga MVS IPL, yaani kuiwasha upya, tu hakutoshi: mistari mipya husomwa mashine inapofanya LOGON upya. Tulilijua hilo baada ya IPL mbili za bure, nusu lita nzima.