Mwaka wa kusoma tena, safari hii nikiwa mzazi

Mwaka unaisha, na nikijiuliza kitabu gani kimenikaa kichwani kuliko vyote nakuta sio kipya hata kidogo, ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, kimetoka 1971 huko. Wengi wetu tulikutana nacho shuleni, ukichambua fani na maudhui, unakariri dhamira tano za kujibia mtihani, basi, kitabu kinarudi kabatini.

Safari hii nimekisoma nikiwa na binti wa kidato cha pili ndani ya nyumba, na jamani ni kitabu kingine kabisa! Zamani nilimfuata Rosa tu. Sasa hivi macho yangu yote yalienda kwa baba yake, Zakaria, mlevi yule wa Ukerewe anayempiga mtoto kisa barua ya mvulana. Hamkalishi akamuuliza, fimbo ndio maongezi yenyewe. Binti anakua anaogopa hata kusimama na mwanaume, alafu akishakuwa mbali na nyumbani ule uoga unageuka kitu kingine kinachokuja kummaliza. Nililia, tena nikiwa ndani ya daladala, dada wa pembeni akanipa tishu bila kuniuliza kitu, Mungu ambariki. Kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa kuogopa kitaharibu wanafunzi, ila mimi naona wenye kukihitaji zaidi ni wazazi, na ningekuwa na uwezo kila kikao cha wazazi kingeanza na kurasa zake chache.

Kimenibadilisha kweli. Siku hizi binti yangu anakuja jikoni nikiwa napika anaanza mwenyewe stori za shule, majina ya wavulana yanatajwa humo na mimi naendelea kukata vitunguu, namuuliza tu "enhe, na wewe ukamjibuje?" na stori inaendelea. Hapo ndipo nimejifunza mengi kuliko semina yoyote ya malezi.

Baada ya hapo nikajikuta kila ninachosoma nakitazama kwa jicho hilo hilo, yale yasiyosemwa kati ya mzazi na mtoto. Nikachukua Peponi, ile Paradise ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis ikatoka 2022, mwaka mmoja tu baada ya Gurnah kupewa Nobeli. Yusuf ana miaka 12, anaondoka na tajiri Aziz akijua anaenda kwa mjomba, kumbe baba yake ana deni na yeye ndio rehani. Hakuna aliyemwambia! Anakuja kuelezwa na kijana mwenzake dukani. Kitabu kina misafara ya bara, kina biashara, kina Wajerumani wanaingia, yote yameandikwa vizuri sana lakini mimi nilibaki pale pale kwenye lile deni.

Kuli ya Adam Shafi nimeisoma kwa ajili ya marehemu baba. Alibeba mizigo bandarini miaka mingi na hakuwa muongeaji, akirudi anaoga, anakula, analala. Shafi anaeleza makuli wa Unguja hadi ule mgomo wa 1948, kazi ngumu, ujira kiduchu, mtu anadharauliwa mchana kutwa na jioni anatakiwa awe baba. Enzi tofauti na bandari tofauti najua, lakini nimemuelewa baba yangu mwaka huu kuliko miaka yote aliyokuwa hai, na ule ukimya wake siuoni tena kama ukali, naona ni uchovu. Nimempigia mama nikamuomba anisimulie baba alikuwaje ujanani, tukaongea mpaka salio likakata.

Mwakani nataka Nagona, ya Kezilahabi pia, kijitabu chembamba ila wanasema kigumu balaa. Binti ameomba tusome pamoja, mimi sura moja yeye sura moja, na Rosa Mistika ameshaihamishia chumbani kwake.