Nilivyoielewa moli nikiwa muuza misumari

Nilimaliza kidato cha nne na F ya Kemia, na kwa miaka kadhaa sikuijali. Nilikuwa muuzaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga: misumari, mabati, chokaa, rangi. Kilichonirudisha kwenye madaftari ni kozi ya famasi. Chuoni wanataka ufaulu wa Kemia na Baiolojia, hapo hakuna kona ya kupitia. Nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikatafuta tuisheni ya jioni, nikaanza upya. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaorudia mtihani, hasa wanaokwama pale pale nilipokwama mimi: kwenye moli, kipimo ambacho kemia inakitumia kuhesabia atomi na molekuli.

Mada za mwanzo zilipita bila taabu kubwa. Namba ya atomi ni idadi ya protoni, chembe zilizo katikati ya atomi, na ndiyo inayoipa elementi jina lake: ukiona protoni 6 ni kaboni, ukiona 8 ni oksijeni, hakuna mjadala. Nyutroni, chembe nyingine za humo humo katikati zinazoongeza uzito, zinaweza kutofautiana kwa idadi ndani ya elementi moja, ndiyo maana uzito wa klorini unaandikwa 35.5. Takriban robo tatu ya atomi zake zina uzito wa 35, robo iliyobaki 37, na ile 35.5 ni wastani. Hakuna atomi hata moja ya klorini yenye uzito wa 35.5. Jambo hili dogo lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Kusawazisha milinganyo kulihitaji subira zaidi. Sheria ni ile iliyothibitishwa na Mfaransa Lavoisier kwa mizani yake, kabla hajakatwa kichwa mwaka 1794: kinachoingia kwenye mmenyuko ndicho kinachotoka, atomi haziongezeki wala hazipotei. Kwa hiyo unaruhusiwa kubadili namba kubwa zilizo mbele ya fomula tu. Ukigusa namba ndogo iliyo ndani, umebadili kitu chenyewe. H₂O ni maji. Ongeza oksijeni moja, iwe H₂O₂, unapata dawa ya kusafishia vidonda, na hiyo huwezi kuinywa.

Sasa moli. Wengi wetu tunapewa pembetatu: uzito juu, moli na uzito wa moli moja chini, funika unachokitafuta kisha gawanya au zidisha. Inafaa mpaka mtunga mtihani ageuze swali kidogo tu, halafu unabaki unaitazama karatasi. Niliamua kutoigusa pembetatu ile mpaka nielewe moli ni kitu gani.

Jibu nililipata kaunta. Fundi akija kununua misumari haombi mia tatu, anasema, "Nipimie ya nchi nne kilo mbili." Sisi hatuhesabu, tunapima. Lakini kila muuzaji anajua kilo ya nchi sita ina misumari michache, na kilo ya nchi mbili inajaa mfuko. Tuseme msumari mmoja mkubwa una uzito wa midogo minne. Nikipima kilo nne za mikubwa na kilo moja ya midogo, idadi inalingana, ingawa hakuna aliyehesabu hata mmoja. Moli ni hivyo hivyo. Kaboni gramu 12, chuma gramu 56 na risasi gramu 207 zina idadi ile ile ya atomi, kwa sababu uzito wa atomi moja moja unapishana kwa uwiano huo huo.

Idadi yenyewe ni 6.022 × 10²³. Inaitwa namba ya Avogadro, ingawa Avogadro mwenyewe, mwanasayansi wa Italia, hakuwahi kuijua. Yeye mwaka 1811 alisema tu kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na mgandamizo sawa, zina molekuli sawa kwa idadi. Jina lake liliwekwa kwenye namba hiyo mwaka 1909 na Mfaransa Jean Perrin, wakati Avogadro ameshafariki zamani. Na tangu Mei 2019 namba hiyo ndiyo maana yenyewe ya moli, haitegemei tena gramu 12 za kaboni kama vitabu vyetu vya zamani vinavyosema. Kwa mtihani wa kidato cha nne tofauti hiyo haibadilishi hesabu yoyote, ila usishangae ukiikuta. Ukitaka kuona moli moja kwa macho, mimina mililita 18 za maji. Ni kijiko kikubwa cha chakula na kidogo zaidi.

Baada ya hapo nikawa nausoma mlinganyo kwa idadi kwanza, gramu baadaye. Mazoezi yangu makubwa yalikuwa kwenye chokaa, kwa sababu ninaiuza. Mawe ya chokaa ni kalsiamu kabonati, CaCO₃: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni tatu 48, jumla 100. Ukiyachoma kwa moto mkali yanatoa kaboni dayoksaidi (44) na kubaki chokaa hai, CaO (56). Kwa hiyo tanuru lililopakiwa kilo 100 za mawe safi haliwezi kutoa zaidi ya kilo 56, hata mchomaji awe hodari vipi; kilo 44 zimekwenda hewani. Chokaa hai ikimwagiwa maji inachemka yenyewe, maana inashika maji 18 na kuwa 74. Ukishaipaka ukutani inaanza kuvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani, inatoa yale maji, na taratibu inarudi kuwa CaCO₃, yaani jiwe. Misikiti ya kale ya Kilwa Kisiwani iliyojengwa kwa matumbawe imeshikiliwa na kemia hiyo. Nilihesabu mzunguko huu wote kwa daftari, kwa kilo, kwa tani, kwa mawe yenye uchafu asilimia kumi, mpaka hesabu za uzito zikaacha kunitisha.

Swali linaloangusha wengi ni lile la kitu kipi kinaisha kwanza. Mfano: haidrojeni gramu 4 na oksijeni gramu 16 zinaungana kutengeneza maji. Macho yanakuambia haidrojeni ni kidogo, itaisha. Badili kuwa moli: haidrojeni, H₂, ni moli 2, oksijeni, O₂, ni nusu moli. Mlinganyo unataka haidrojeni mbili kwa oksijeni moja, kwa hiyo nusu moli ya oksijeni inakula moli 1 tu ya haidrojeni. Oksijeni ndiyo inayoisha. Unapata maji gramu 18, na haidrojeni gramu 2 zinabaki zimekaa tu. Gramu hazikuambii nani ataisha. Mwalimu wetu wa tuisheni alikuwa na mtindo wa kufuta jibu la mtu yeyote aliyeanza na gramu, hata kama lilikuwa sahihi. Nilimwona mkali bure, siku hizi namtetea.

Gesi ni rahisi baada ya hapo: moli moja ya gesi yoyote ni lita 22.4 kwenye nyuzi 0 na mgandamizo wa kawaida wa hewa. Basi.

Maabara ndiyo iliyonipa hofu, kwa kuwa wa kujitegemea hana maabara yake. Nililipia vipindi vya vitendo kwenye kituo, tukafanya titresheni, yaani kupima nguvu ya asidi kwa kuiachia taratibu kwenye besi (kitu kinachoua asidi), mpaka mkono ukazoea bomba la bureti. Unaweka besi kwenye chupa, matone ya methili oranji, rangi ya manjano; unaachia asidi kidogo kidogo, na ikianza kugeuka rangi ya chungwa unafunga. Kama besi yako, sodiamu haidroksaidi, ni sentimita za ujazo 25 za 0.1 M (M ni moli kwa kila lita), una moli 0.0025. Asidi ya hidrokloriki iliyotumika ikiwa sentimita 20, nayo ina moli 0.0025, kwa hiyo nguvu yake ni 0.125 M. Ikiwa ni asidi ya salfuriki, gawanya kwa mbili, 0.0625 M, kwa sababu molekuli moja yake inamaliza mbili za besi. Hapo ndipo wenzangu wa pembetatu walipokuwa wanapotea.

Matokeo yalipotoka Kemia ilikuwa C na Baiolojia D, na zinatosha kuombea chuo. Elektrolisisi, yaani kuchanganua vitu kwa umeme, bado inanisumbua. Nimeanza kuisoma kwa mpangilio ule ule, moli za elektroni kwanza, ampea na sekunde baadaye: moli moja ya elektroni ni kulombi 96,500 (kulombi ni ampea moja kwa sekunde moja), na shaba inahitaji moli mbili za hizo ili gramu 64 zijishike kwenye kathodi, ile ncha hasi.