Tulivyozunguka miji ya dhahabu California wikendi moja msimu wa moto

Watu wakisikia California inaungua wanafuta safari zote mpaka mvua zianze, na mimi nawaelewa kabisa, lakini ukifuta kila mwezi wenye moshi basi kuanzia Julai huendi popote, na vile vimiji vya milimani vinavyoishi kwa wageni wa wikendi vinaumia mara mbili, moto wenyewe na biashara kufa. Sisi tulienda mwishoni mwa Agosti: mimi, mke wangu, binti yetu ambaye ana pumu, na shemeji yangu ambaye ndiye alishika usukani karibu muda wote.

Tulichagua Highway 49. Hiyo namba ni ya wale waliokimbilia dhahabu mwaka 1849, na barabara inapita Placerville, Sutter Creek, Jackson, Angels Camp mpaka Sonora. Lakini mimi sikuichagua kwa ajili ya dhahabu, niliichagua kwa sababu kila baada ya mwendo si mrefu kuna barabara nyingine inashuka magharibi kwenda bondeni. Placerville kuna 50, Jackson kuna 88, San Andreas kuna 12, Angels Camp kuna 4, Sonora kuna 108. Yaani tukiambiwa ondokeni tunashuka tu, haturudi tulikotoka wala hatusogelei moto. Msimu huu mji wenye njia moja ya kuingia na kutoka silali, hata uwe mzuri vipi. Kwenye moto wa mji wa Paradise, kaskazini mwa California, Novemba 2018, walikufa watu 85 na wengine walinaswa kwenye foleni wakijaribu kutoka. Na hapo hapo juu ya Placerville, Agosti 2021 moto wa Caldor uliteketeza karibu kijiji kizima cha Grizzly Flats, kwa hiyo hatuongelei mambo ya mbali.

Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa nafungua vitu vitatu kwenye simu: ramani ya moto na moshi ya AirNow, Watch Duty ambayo inakuambia moto mpya ulipoanza na maeneo gani yanahamishwa, na QuickMap kuona barabara zilizofungwa. Namba ya hewa, ile AQI, kipimo cha uchafu wa hewa ambacho kikipanda hewa ni mbaya zaidi, tulikubaliana nayo mapema ili tusianze kubishana njiani. Chini ya 100 mtoto anatembea na kucheza kama kawaida tukimwangalia, ikipita 100 anakaa ndani ya jengo au ndani ya gari, ikipita 150 tunahama wote hata kama tumeshalipia chumba. Barakoa za N95 tulibeba lakini zile zimetengenezwa kwa sura za watu wazima, kwa mtoto zinaacha mwanya pembeni, kwa hiyo dawa yake ya kweli ni kumpeleka kwenye hewa safi. Inhela ilikaa kwenye mkoba wa mama yake, siyo kwenye buti.

Usiku wa kwanza tulilala Jackson. Moto wenyewe ulikuwa mbali juu milimani, jioni hewa ilikuwa safi, asubuhi tunaamka moshi umetanda mtaani mpaka kilima cha jirani hakionekani. Mke wangu akataka tuondoke saa ile ile. Yule mama mwenye moteli akatuambia tungoje mpaka saa tano hivi, na akaeleza vizuri: usiku hewa ya baridi inateremka kwenye mabonde na kuvuta moshi chini, halafu unabanwa pale mpaka jua lipashe ardhi joto ndio unapanda na kutawanyika. Tukangoja ndani, na kweli ilipokaribia saa sita namba ilikuwa imeshuka vizuri. Kuanzia hapo ratiba ikageuka, asubuhi tunakaa ndani, kutembea ni mchana. Hili ndilo lililotusaidia kuliko kitu kingine chochote, maana ukiangalia namba ya saa moja asubuhi tu unaweza kufuta siku nzima bure.

Chumbani tulikuwa na feni ya boksi na filta ya inchi 20 kwa 20, ile ya MERV 13, yaani daraja la filta inayonasa chembe ndogo za moshi. Unaibandika nyuma ya feni kwa selotepu pana kuzunguka kingo zote bila kuacha tundu, mshale wa kwenye filta uelekee kwenye feni, unafunga madirisha, unawasha. Feni iwe mpya mpya, siyo ya zamani inayochemka. Mtoto alilala bila kukohoa na asubuhi ile karatasi nyeupe ilikuwa imeanza kuwa kijivu katikati.

Kwenye gari kiyoyozi kilikuwa kinazungusha hewa ya ndani, ila mara moja moja tukifika penye hewa nzuri tunafungua kidogo maana ukifunga muda mrefu dereva anasinzia. Tenki hatukuliacha lishuke chini ya nusu, na hela taslimu tulikuwa nazo, kwa sababu upepo ukiwa mkali umeme unaweza kuzimwa makusudi kuzuia nyaya zisiwashe moto, na umeme ukikatika pampu za mafuta hazitoi na mashine za kadi zinalala. Majivu yakidondoka kwenye kioo usiwashe waipa kavu, mwagia maji kwanza. Na kabisa kabisa usipaki kwenye nyasi kavu, chuma cha moto chini ya gari kinatosha kuziwasha. Moto wa Carr mwaka 2018 ulianza na tairi ya trela iliyopasuka, rimu ikasuguana na lami, cheche.

Columbia, kamji ka zamani karibu na Sonora, ndio nilipapenda zaidi. Mji uliungua 1854 na tena 1857, na baada ya ule moto wa kwanza wakaanza kujenga kwa matofali na milango ya chuma mizito ambayo ipo mpaka leo. Niliugusa mmoja, una bawaba nene kama kifundo cha mkono wangu, unafungwa kwa nje kuzuia moto wa jirani usiingie. Mtoto aliuliza maswali mengi pale kuliko kwenye mambo ya dhahabu.

Jumapili ikatoka ile tahadhari ya bendera nyekundu, upepo mkali na ukavu. Shemeji alikuwa anataka kupanda Highway 4 kwenda Arnold kuona ile miti mikubwa, akaniambia, "Shem, si ni mwendo wa saa moja tu, tunaenda tunarudi." Kabla sijajibu mke wangu akasema, "Kaka, leo hapana, huko juu barabara ni moja." Hakubisha. Tukanunua chakula na maji hapo hapo Sonora, tukashuka 108 mpaka Oakdale mchana mapema wakati wengine bado wanajiuliza. Tahadhari ya kuondoka haikuwa imetolewa upande wetu, lakini ukiwa na mtoto mwenye pumu hungoji mpaka iwe amri, na barabara ukiiacha mapema wenyeji wanapata nafasi ya kutoka.

Upande wa kaskazini wa 49 sijaugusa bado, yaani Grass Valley na Nevada City. Hizo tutaenda Aprili milima ikiwa bado kijani, na Arnold shemeji ameshaiandika kwenye ratiba yake.