Intaneti ipo, tovuti hazifunguki: nilivyonyoosha DNS ya ofisi yetu Mtwara

Ukiona WhatsApp inapitisha ujumbe lakini tovuti hazifunguki, usikimbilie kumpigia mtoa huduma. Sisi tulimpigia, tena si mara moja, na kila tulipopiga kijana wa huduma kwa wateja alitujibu kwa upole kwamba laini yetu anaiona iko hewani. Alikuwa anasema kweli.

Ofisi yetu ni ndogo, iko mjini Mtwara upande wa kwenda bandarini. Tunashughulika na nyaraka za mizigo, na ukifika Oktoba, msimu wa korosho ukifunguliwa na minada ikianza, karibu kila karatasi inayopita mezani kwetu inahusu korosho. Tuna kompyuta chache, printa moja kubwa, na rauta iliyofungwa ukutani juu ya kabati la mafaili. Mimi ni karani. Lakini ofisi nyingi za huku zina mtu kama mimi, ambaye siku moja alichomoa karatasi iliyonasa kwenye printa na kuanzia hapo akahesabiwa kuwa fundi.

Shida ilianza kidogo kidogo. Ukurasa unazunguka weee, halafu unakuambia tovuti haikupatikana. Ukirudia, unafunguka. Ukibonyeza sehemu nyingine, unazunguka tena. Kutoa kontroo namba moja, ile namba ya kulipia serikalini, ikawa kazi ya asubuhi nzima. Na tangu ile Mei 2024, mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini na nchi ikakwama, watu wetu wana jibu lililo tayari. "Mkongo huo," alisema dereva wetu, hata kiti hajakalia. Dada wa mapokezi alisema ni mvua. Mzee, mwenye ofisi, aliuliza nani amemaliza bando, ingawa ofisi haitumii bando, inatumia faiba. Kila asubuhi mtu alipanda kwenye kiti akaizima rauta na kuiwasha, na kila asubuhi iliwaka na mipangilio yake ileile.

Kilichonifanya nisiuamini mkongo ni laptopu ya mhasibu. Imechomekwa kwenye swichi hiyohiyo, inapita rauta hiyohiyo, lakini kwake kila kitu kilifunguka bila kusuasua. Mkongo ukikatika haubagui meza.

Nikafungua lile dirisha jeusi la amri kwenye kompyuta yangu, nikaandika `ping 8.8.8.8`, yaani iite anwani hiyo uone kama inajibu. Hiyo ni anwani ya seva ya DNS ya Google, yaani seva inayotafsiri majina ya tovuti kuwa namba, iko wazi kwa umma tangu 2009, na ni nyepesi kukumbuka. Majibu yakarudi yote, hakuna lililopotea. Nikaandika `ping google.com`. Ikakaa kimya, mwisho ikasema haimwoni mwenye jina hilo. Mistari hiyo miwili inakata shida katikati: kwa namba tunafika, kwa jina hatufiki. Njia ni nzima. Anayetafsiri majina kuwa namba ndiye hayupo kazini.

Mzee alitaka kuelezwa, kwa hiyo nikamweleza. "Mzee, kwenye simu yako unapompigia wakala wa Newala unabonyeza jina lake, namba yake huijui. Majina yote yakifutika, laini ipo, salio lipo, ila humpati." Akaniuliza kwa nini basi WhatsApp yake inaenda. Swali zuri, na wengi huwachanganya. Programu ambayo imeshaunganika na seva yake haihitaji kuuliza jina kila inapotuma ujumbe. Inaendelea na njia iliyokwisha kufunguliwa. Brauza haina bahati hiyo. Ukurasa mmoja tu wa leo unaweza kuita majina kumi au ishirini, ya picha, ya maandishi, ya takwimu, na kila jina linaulizwa. Ndiyo maana kurasa zetu zilifunguka nusunusu, maandishi yamekuja na vitufe havipo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kujua kompyuta inamuuliza nani. Amri ni `ipconfig /all`, halafu unashuka hadi mstari wa seva za DNS. Nilitarajia kuona 192.168.1.1, yaani rauta yenyewe, kama ilivyo kwenye ofisi nyingi ndogo. Badala yake kulikuwa na anwani mbili nisizozijua kabisa.

Hapo ndipo nilipoacha utani. Anayeshika DNS yako ndiye anayekuelekeza unakokwenda. Akitaka, ukiandika jina la benki yako anakupeleka kwenye tovuti yake iliyofanana nayo. Haya si ya kufikirika. Novemba 2011 FBI ya Marekani ilitangaza kukamatwa kwa watu waliosambaza kirusi kilichoitwa DNSChanger, kilichokuwa kimebadilisha mipangilio ya kompyuta zaidi ya milioni 4 duniani. Ziliwekwa seva safi za muda mahali pa zile za wahalifu, na zilipozimwa tarehe 9 Julai 2012, ambao walikuwa hawajasafisha mashine zao wakabaki katika hali kama yetu: laini ipo, majina hayapatikani.

Nikazitafuta zile namba mbili kwenye kanzidata ya AFRINIC, taasisi inayogawa anwani za intaneti Afrika. Ipo wazi, mtu yeyote anaweza kuingiza namba na kuona imegawiwa nani. Si wahalifu. Zilikuwa za mtoa huduma wetu wa zamani, tuliyeachana naye kabla ya kuvutiwa faiba. Nikashusha pumzi.

Ili nisibaki na dhana, nikaandika `nslookup google.com`, amri ya kuuliza jina lina namba gani, bila kutaja seva. Mara ya kwanza ikangoja sekunde 2 ikakata tamaa, ikajaribu, ikakata tamaa. Nilipoandika tena ikajibu papo hapo, kisha niliporudia ikanyamaza. Halafu nikaandika `nslookup google.com 8.8.8.8`, nikimlazimisha amuulize Google, jibu likaja kabla sijatoa kidole. Nadhani seva za yule wa zamani ziliendelea kumjibu kila mtu kwa muda, halafu wakaanza kuwafungia mlango wasio wateja wao. Ni haki yao kabisa. Seva ya mtoa huduma ni kwa wanaolipia.

Na laptopu ya mhasibu? Kulikuwa na mtu alimwandikia 8.8.8.8 kwa mkono ndani ya kadi ya mtandao, huko Dar es Salaam alikowahi kuipeleka kutengenezwa. Kwa hiyo haikuwa ikisikiliza alichosema rauta.

Mafundi wengi wangeishia hapa: zunguka kila mashine, andika 8.8.8.8, chukua hela yako. Mimi sipendi hivyo. Ukiandika kwa mkono kwenye mashine, siku ya kubadilisha utazizungukia zote tena, na simu za wageni zinazoingia kwa waifai hutazigusa kamwe. Kitu kilichoharibika kwenye rauta kitengenezwe kwenye rauta.

Tatizo, nywila ya rauta hakuna aliyekuwa nayo. Ile iliyobandikwa chini ya kifaa ilikataliwa. Dada wa mapokezi akapendekeza tuingize kijiti kwenye kile kitundu cha nyuma irudi kama ilivyotoka kiwandani. Nikamwomba asiguse. Rauta ikirudi kiwandani inasahau kila kitu, pamoja na jina na nywila ambazo laini inatumia kujitambulisha kwa mtoa huduma, na kama huna hizo mkononi, umeitoa ofisi hewani mpaka wakujibu. Mzee akakumbuka aliyeifunga, kijana ambaye sasa yuko Masasi. Nikampigia.

"Shikamoo kaka. Ile rauta ya ofisi ya Mzee, uliiwekea nywila gani?"

"Marahaba. Bado mnatumia ile?" Akacheka, akanitajia. Ilikuwa jina la ofisi na mwaka, herufi ndogo. Nilijua kitu cha kwanza nitakachobadilisha nikimaliza.

Nikaingia kupitia brauza kwa 192.168.1.1. Kabla ya kugusa chochote nilipiga picha kila ukurasa kwa simu, hata ule usionihusu. Halafu nikaenda sehemu ya WAN, yaani upande unaotazama nje. DNS pale ilikuwa ya kujipatia yenyewe, na ilikuwa imepewa anwani sahihi za mtoa huduma mpya. Ndani ya rauta kuna sehemu ya vipimo; nikapingi google.com kutoka humo, ikajibu bila shida. Yaani rauta ilikuwa na afya njema huku watoto wake wote wakiumwa, na ndiyo maana aliyeko upande wa pili wa simu hakuona kosa lolote.

Hapa ndipo mahali ambapo watu wanapotea. DNS kwenye rauta hukaa sehemu mbili. Kuna ile ya WAN, ambayo rauta yenyewe inaitumia. Na kuna nyingine upande wa LAN, yaani upande wa ndani, kwenye ukurasa wa DHCP, mgawaji wa anwani, ambayo ni ile inayogawiwa kompyuta na simu pamoja na anwani zao. Ukijaza ya pili kwa mkono, kompyuta zinaenda moja kwa moja kwa uliyemtaja, zinairuka rauta. Zile anwani za zamani zilikuwa pale, kwenye DHCP. Aliyekuja kufunga faiba alibadilisha upande wa nje, ikawaka taa ya kijani, akaondoka. Hakuwa na sababu ya kufungua ukurasa ule.

Nikazifuta zote mbili nikaacha nafasi tupu. Kwenye rauta yetu, nafasi ikiwa tupu, inajitaja yenyewe: kompyuta zinaiuliza 192.168.1.1, nayo inauliza nje. Siku tukihama tena kwa mtoa huduma mwingine, rauta itapokea DNS yake mpya na kompyuta hazitajua kilichopita. Nilifikiria kuweka 8.8.8.8 na 1.1.1.1 ya Cloudflare, nazo ni nzuri, na kama DNS ya mtoa huduma wako inalegalega ziweke bila woga. Ila ya mtoa huduma wetu ilikuwa inajibu vizuri, na iko karibu zaidi. Jambo moja tu: usichanganye seva nzima na seva mbovu ukidhani ya pili ni tairi la akiba lisiloguswa mpaka la kwanza lipasuke. Mashine nyingine huziuliza zote mbili kwa zamu, na hata ile inayoanza na ya kwanza hungoja kwanza ndipo ihame. Kungoja huko ndiko kulikotutesa.

Nikahifadhi. Kompyuta yangu haikubadilika hata kidogo, na dereva aliyekuwa amesimama mlangoni akatikisa kichwa. Sababu ilikuwa kwenye ukurasa uleule wa DHCP: muda wa mkopo wa anwani ulikuwa sekunde 86400, yaani saa 24. Mashine iliyokwisha pewa mipangilio huikumbatia hadi nusu ya muda huo ndipo iulize upya. Nikaiharakisha kwa `ipconfig /release`, kisha `ipconfig /renew`, kisha `ipconfig /flushdns` ili isahau majibu ya zamani. Simu zilihitaji tu kuzimiwa waifai na kuwashiwa. Nikafungua tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, ikaja yote, na vitufe vyake. Dada wa mapokezi alikuwa na foleni ya kontroo namba tangu asubuhi. Hakusema kitu, alianza kuzitoa.

Nikabadilisha ile nywila, nikaiandika kwenye karatasi, karatasi ikaingia kwenye droo ya Mzee yenye ufunguo.

Ikabaki laptopu ya mhasibu. "Mama, naomba niiondoe ile namba iliyoandikwa kwa mkono."

"Mwanangu, wiki zote hizi ndiyo pekee iliyofanya kazi humu ndani, leo unataka kuigusa?"

Sikubishana. Baadaye alisafiri kwenda Masasi kikazi, na jioni akanipigia kutoka nyumba ya wageni: waifai imeunganika, lakini ule ukurasa wa kuingizia namba ya chumba hautokei. Waifai za namna ile mara nyingi hutumia DNS yao wenyewe kukupeleka kwenye ukurasa wao kabla hawajakufungulia njia, na laptopu yake ilikuwa inang'ang'ania kumuuliza Google. Nikamwongoza kwa simu, kitufe kwa kitufe, mpaka kwenye mipangilio ya kadi, akachagua ijipatie DNS yenyewe. Ukurasa ukatokea. "Haya, umeshinda," akasema, akakata.

Printa ndiyo iliyochelewa kujitokeza, kwa sababu kuchapisha kulikuwa kunaenda vizuri. Kuchapisha kunatumia namba ya printa humohumo ndani, hakuhitaji jina la mtu. Kilichokataa ni kuskani na kutuma kwa barua pepe, maana hapo printa yenyewe inatakiwa kuitafuta seva ya barua kwa jina. Printa huwa zinaandikiwa anwani kwa mkono ili zisihamehame, na anayeziandikia hujaza na DNS pia. Kwenye kioo chake kidogo, chini kabisa ya orodha ya mtandao, nikazikuta zile namba mbili za zamani. Nikaweka 192.168.1.1, nikalaza hati moja ya ghala juu ya kioo, nikabonyeza. Mzee akaita kutoka chumbani kwake kwamba imefika, tena zimekuja mbili, kwa sababu ile ya jana iliyokuwa imekwama ndani nayo ilitoka.