Kasi ya fimbo: mguu wa mbele umetoa nilichokuwa nikikidai mabegani

Imekubali! Rada yangu ya kupimia kasi ya kichwa cha fimbo ya gofu ilikuwa imeganda kwenye kilomita 148 kwa saa, nizungushe mabega hata mgongo ulie. Leo imesoma 156, ikarudia, na ikarudia tena. Kwa kuwa nishati inapanda kwa mraba wa kasi, hiyo ni kama asilimia 11 zaidi kwenye kichwa kilekile cha gramu 200. Mwili haujaongezeka nguvu hata kidogo.

Mpangilio wa pigo mnaujua: nyonga zinatangulia, kiwiliwili kinafuata, halafu mikono, fimbo ya mwisho, na kila kiungo kinapunguza mwendo ili kinachofuata kipokee. Kilichonikera ni kwamba kwenye video mpangilio wangu ulikuwa safi kabisa, na bado fimbo inafika kwenye mpira imechoka.

Narekodi kwa simu, fremu 240 kwa sekunde. Fimbo kushuka kutoka juu hadi kwenye mpira ni takriban robo sekunde, yaani fremu kama 60 tu, na hizo nimezikodolea macho usiku baada ya usiku. Napiga kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ukifika sambamba na ardhi, pembe kati yake na fimbo tayari imeshaanza kufunguka, na viganja vinaendelea kukimbia mbele mpaka kwenye mpira, wakati hapo ndipo vinapotakiwa kupunguza mwendo.

Kila unayemuuliza atakwambia "shikilia pembe". Huu ushauri nauchukia. Karibu na mpira kichwa cha fimbo kinavuta kuelekea nje kwa nguvu ya makumi ya kilo. Kifundo cha mkono utakiambia nini hapo? Kifundo ni bawaba. Kinachotakiwa ni kitu cha kuvuta mpini kuelekea mwilini na juu, njia ya viganja ijikunje, na kichwa kijirushe chenyewe. Bega la kushoto linaweza kuvuta hivyo, lakini lazima kitu kilipandishe, na hicho ni mguu wa mbele unaponyooka. Mtazameni Justin Thomas, mchezaji wa gofu wa kulipwa wa Marekani: si mtu wa umbo kubwa, ila akipiga fimbo namba moja, ile ndefu ya kupigia mbali, utamkuta amesimama kwenye vidole.

Mguu wangu nao ulikuwa unanyooka, tena kwa mbwembwe. Sasa tatizo liko wapi? Sahani za maabara za kupimia nguvu ya miguu sina, nikachukua mizani mbili za nyumbani, kila mguu wake, juu yake vipande vya mbao vilivyobandikwa msasa ili viatu visiteleze, na simu ikiangalia mishale. Ziwe za mshale na springi. Za kidijitali ni hasara tupu, zinasubiri utulie ndipo ziseme. Mshale nao unadanganya kuhusu kilo, maana unapitiliza na unachelewa kidogo, kwa hiyo namba siiamini. Nalinganisha pigo kwa pigo.

Na hapo ndipo kitu kilipojionyesha. Mpira umeshaondoka, na mshale wa mbele ndiyo kwanza unapanda. Nilikuwa naruka baada ya kazi kwisha! Wapigaji wazuri wanasukuma ardhi kwa nguvu zaidi mapema, mkono wa mbele ukiwa karibu sambamba na ardhi, na wakigonga mpira msukumo umeshaanza kupungua. Ili niwahi, ilibidi uzito uanze kwenda mbele fimbo ikiwa bado inapanda, goti likunjike kidogo, kisha nisukume viganja vikiwa bado juu. Mwilini inahisi mapema kupita kiasi, karibu ujinga. Kwenye fremu inaonekana kawaida tu. Na pembe ile ya kifundo? Imechelewa kufunguka yenyewe, bila mimi kuigusa.

Mpango wa leo ulikuwa kufunga mpini mrefu zaidi. Kanuni zinaruhusu inchi 48, ingawa tangu 2022 waandaaji wa mashindano wanaweza kuweka kikomo cha 46. Nimeuacha. Mpini mrefu unaongeza kasi na unakuongezea pia nafasi ya kugonga kombo, na mimi kombo ninayo ya kutosha. Zile fimbo za uzito za mazoezi ya kasi nazo zimelala kwenye begi. Sizipingi, ila zilikuwa zinanifanya niharakishe kitu kilichokuwa kinachelewa.

Kuna deni jipya. Kasi ya mpira kugawanywa kwa kasi ya fimbo, ambayo kwa fimbo namba moja huishia karibu na 1.5, imeshuka hadi 1.38. Nimenyunyiza poda ya miguu kwenye uso wa fimbo na alama zote zimekaa chini, upande wa kisigino. Yaani nikisukuma juu, mwili unapanda na fimbo inapanda nao. Kurekebisha wakati wa kugonga hakupo, kwani mpira na fimbo vinagusana kwa nusu ya elfu moja ya sekunde. Kesho naanza na tii, kijiti kinachobeba mpira, niipandishe kidogo kidogo huku poda ikiwa kwenye uso wa fimbo. Alama zikipanda ila zikang'ang'ania kisigino, nitasimama mbali zaidi na mpira kwa upana wa kidole na kupima tena.